Nilipeleka Kambove Mtutu Niliodhani Umekufa

Niliondoka Likasi kwa sababu ya bunduki. Nilikuwa bado mgeni kazini, mkemia kijana katika kiwanda cha shaba cha Shituru, na klabu yetu ya kulenga shabaha ilikuwa ikichagua watu wa kwenda kushindana Lubumbashi. Risasi zangu zilikuwa zimeanza kutawanyika kwenye karatasi kama kuku waliotupiwa jiwe. Kapteni alinipa mpaka Jumapili nizikusanye, la sivyo ningeachwa. Mtutu mpya haukupatikana, nami nilikwisha kuamini kwamba wangu umelika. Ili kuuhifadhi niliacha kabisa kufyatua, hata kuusafisha, nikihofia ufito wa kusafishia ungekwangua mifereji ya ndani.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la mbao. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, askari alisoma kibali changu cha bunduki polepole. Nikaanza kutunga utetezi wa mahakamani.

“Unaenda kuua nini?”

“Karatasi, chef.”

“Karatasi hailiwi na bukari,” alisema, yaani ugali wetu. “Pita, citoyen.”

Kambove nilipokewa na yaya Ngoie, dada yangu, binti wa mama yangu mkubwa, muuguzi na mlengaji hodari kuliko wote ukoo mzima.

“Mudogo, iko na sura ya matanga. Nani amekufa?”

“Mtutu, yaya.”

Aliuelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia. “Huyu hajakufa. Ni muchafu tu. Weye hauogaki?”

Tuliziba upande mmoja wa mtutu, tukamimina amonia, tukasubiri huku tukinywa chai. Nilikuwa nikijiandaa kwa habari mbaya. Kitambaa nilichokipitisha kwa ufito kilitoka na rangi ya buluu, buluu ileile ninayoiona maabara kila siku. Ilikuwa shaba iliyobanduka kwenye risasi na kugandamana ndani; ndiyo iliyokuwa ikizipotosha, mtutu haukuwa umelika. Nikachukua haraka kitambaa kingine.

“Shituru yote iko na mukuba,” alisema yaya, akiita shaba kwa jina la kwetu, “na weye unachimba yako mu bunduki.”

Kitambaa cha mwisho kilipotoka cheupe, tukaupaka mtutu mafuta.

Mchana, sebuleni, nilijua kwamba tatizo halikuwa shaba peke yake. Yaya alichora nukta ukutani, akahakikisha bunduki ni tupu, akalaza sarafu juu ya mtutu. “Fyatua, isianguke.” Sarafu ilianguka. Ikaanguka tena.

“Minye nafanya hivi kila siku mbele ya kupika,” alisema. “Risasi ya kweli, kidogo tu. Mtutu ikipata moto, naiweka ku kivuli mpaka mukono inaweza kuishika. Weye umechunga chuma, umeacha mikono inaoza.”

Tulirudia mpaka bega likauma. Jua lilipoinama, sarafu ilikuwa inatulia.

Jumapili nilirudi Likasi, nikaenda moja kwa moja uwanjani. Nilipiga risasi chache, nikapumzisha mtutu kivulini, nikapiga nyingine. Kapteni alirudi kutoka kwenye shabaha na karatasi yangu, matundu yote ndani ya duara jeusi, na mimi bado nilikuwa nikiandaa visingizio: upepo, jua, hata macho yake.

“Lubumbashi kuko baridi asubuhi,” alisema. “Beba koti.”

Njiani kuelekea nyumbani nilitembea taratibu, nikipumua kama mtu aliyetua gunia. Chombo hulika kwa kutumiwa, hilo ni kweli, lakini kukificha hakukifanyi kiishi. Unakisafisha, unakitumia kwa kiasi, na siku zilizobaki unaufundisha mkono bila risasi.