Jumuiya Nzima Inaniombea Titi Nisilolitaka

Admin, nifichie jina tu, mengine yote waachie wasome. Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, naishi Lizaboni hapa Songea. Nimechoka jamani. Hata ujumbe huu nimeuanza juzi, naandika naacha.

Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto kwa saratani. Nikatundikiwa dripu, nywele zikaisha, halafu nikapelekwa Dar kwa mionzi, kifua kikaungua kikawa cheusi. Katika yote hayo mume wangu hakuniacha. Alinifulia, alinikorogea uji, alinipeleka chooni amenishika kiuno. Mwanaume wa hivyo ni wa kutafuta kwa tochi, najua, na ndiyo maana haya maneno yananiwia magumu.

Ila tangu kidonda kipone hajawahi kukitazama. Nikivua blauzi tu, anakumbuka kuku hawajapewa maji.

Tulipokwenda kliniki Dar, yeye ndiye aliyeuliza habari za titi bandia. Daktari, dada mmoja mpole, alitueleza taratibu. Kwamba ni mfuko wa silikoni unaowekwa chini ya msuli wa kifua. Kwangu mimi, kwa kuwa ngozi imekaza kwa mionzi, wangetanguliza mfuko mtupu wanaoujaza maji kidogo kidogo kwa wiki nyingi mpaka ngozi ivutike, ndipo nipasuliwe tena wauweke ule wa silikoni. Akasema ngozi iliyopigwa mionzi ni nzito kupona, mfuko unaweza kukakamaa au kuingia vijidudu, na hata ukikaa vizuri, miaka ikienda huenda ukahitaji kubadilishwa. Nikamuuliza, "Nikiguswa nitasikia?" Akasema, "Mama, sikudanganyi. Umbo linaweza kurudi, hisia ni vigumu. Wapo wanaoweka wakafurahi sana, wapo wanaokaa bila na wako sawa. Wewe unataka nini?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Anataka, daktari." Na mimi, kwa ile tabia yetu ya kuitikia kila kitu mbele ya daktari, nikasema sawa. Kosa langu ndilo hilo.

Tuliporudi, Alhamisi kwenye jumuiya yetu ya kanisani, wakati wa kutoa nia za sala mume wangu akasimama. "Tumwombee mama Tumaini, anakwenda kuwekewa titi jipya, Mungu awaongoze madaktari." Wamama wakapiga vigelegele! Tangu siku hiyo naombewa kila wiki. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akifika kwenye nia yangu anapaza sauti, na mimi mwenyewe naitikia na wenzangu, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nitafanyaje, ninyamaze peke yangu? Wiki iliyopita nilikutana naye njiani nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kifuani kwangu. "Bado kidogo tu, mwanangu." Nikacheka. Nilipofika nyumbani nililia.

Juzi nikajikaza nikamwambia mume wangu nimechoka kupasuliwa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema, "Mama Tumaini, mimi nataka urudi ulivyokuwa. Na watu wote wale wameshasali, tutawaambia nini?" Akaendelea na mahindi yake. Nikavuta kigoda nikamsaidia.

Msinielewe vibaya, sisemi titi bandia ni baya. Dada yangu unayelitaka, kaweke kwa amani, mimi nisikukatishe tamaa. Ila mwili huu wangu umeshachomwa na kushonwa vya kutosha. Kwenye sidiria naweka kitambaa, naenda sokoni, nachagua dagaa wangu, narudi. Mimi hapo nimeridhika.

Safari ya Dar ni Jumatatu. Begi ameshalipanga yeye, kanga zangu kazikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Ndugu zangu, nipeni ushauri bila matusi. Mtu aliyenibeba kiasi hicho namwambiaje sitaki? Au niende tu nikapasuliwe, iwe ndiyo shukrani yangu kwake? Maana niwe mkweli, labda hata hilo titi nisingemkatalia, kama angenitazama mara moja tu hivi nilivyo, halafu akaniuliza.