Mikawa ya Kasiva

Kasiva alihamia mtaa wa mabanda wa Kambi Muru na cherehani moja na kifuko cha mbegu kutoka kwao Kitui. Nyuma ya chumba alichopanga palikuwa na kijisehemu cha takataka kando ya mtaro, upana wa hatua sita tu. Akazoa taka, akapanda mikawa, vile vichaka vya miiba vyenye vitunda vyeusi vitamu ambavyo watoto wa Ukambani hula wakichunga mbuzi. Havikudai mbolea, na kiangazi havikukijali. Mwaka wa nne vilimfika kifuani, vikaziba njia.

Opondo, fundi viatu Mjaluo wa chumba cha pili, alizoea kupita hapo kwenda chooni.

"Mama, hii miiba yako imemtoboa mtoto wangu mguu."

"Apitie mbele kama watu wengine."

Urafiki haukuwahi kuwepo, ila salamu zilikuwepo.

Uchaguzi wa Desemba ulipoharibika, hata salamu zikaisha. Kwanza walifukuzwa Wakikuyu, watu wa kabila la rais. Januari, mwanasiasa wa Ukambani alipokubali cheo serikalini, Wakamba kama Kasiva nao wakaanza kuitwa wasaliti. Alasiri moja vijana waliingia na mapanga, Opondo akiwatangulia. Hakumgusa Kasiva. Alienda nyuma moja kwa moja, akafyeka mikawa hadi chini, akairundika na kuiwasha.

"Toka leo," alisema, jasho likimtiririka. "Kesho sitakuwa na la kuwaambia hawa."

Kasiva alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa leso mgongoni, akatembea kupitia Kianda hadi mtaa wa Kawangware kwa binamu yake Mwanzia. Huko mambo yalikuwa yale yale, ila yamegeuzwa. Waliokuwa wakitupiwa magodoro nje ni Wajaluo. Kasiva alisimama mlangoni akitazama, akaona raha. Hakumwambia mtu.

Machi, wakubwa wa siasa walipokwisha kutia sahihi mapatano yao, alirudi Kambi Muru. Chumbani mwake alikuta mwanamke akianua nguo. Alijiita Caren.

"Hiki chumba ni changu," Kasiva alisema.

"Na changu kiko Kawangware. Nani analala humo sasa?"

Kasiva hakujua, na hakutaka kujua. Alizunguka nyuma. Visiki vilivyoungua vilikuwa vimechipua, vinamfika magotini.

"Hizo usiguse," Caren alisema nyuma yake. "Sisi Wajaluo tunaziita ochuoga. Nimezimwagia maji mwezi mzima. Zinanizuilia wezi."

"Nilizipanda mimi."

"Basi chimba zako, uende."

Opondo alitoka, msharasi wake wa kutobolea ngozi mkononi, akaegemea ukuta. "Kumbe ulirudi kwa ajili ya miti," alisema.

Hakuna aliyemwazima jembe. Kasiva alichimba kwa kipande cha bati. Miiba ikamchana mikono, na mizizi ilikuwa imezama chini zaidi kuliko alivyodhani. Aling'oa machipukizi mawili yenye mizizi, akayafunga kwa gunia. Mengine yote yalibaki kwa Caren, ambaye alishinda amesimama pale akihesabu kila chipukizi alilong'oa Kasiva.

Kawangware aliyapanda kwenye ndoo za rangi mlangoni pa Mwanzia. Moja lilikauka wiki ile ile. La pili lilishika, likachelewa hadi mwaka wa tatu kuzaa, vitunda vya kujaza kiganja kimoja tu. Majirani waliuliza ni nini hicho. Kasiva alivila vyote amesimama, mbele yao, akarudi ndani kwenye cherehani.