Nimepata fountain pen ya kahawia ya kuandikia lebo za asali za baba

Tarehe 6 mwezi wa nne mwaka jana tulimzika baba. Kalamu yake tukaizika naye bila kujua.

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, ila leo nimeshindwa kunyamaza kwa furaha. Nitasema kama ilivyokuwa, sitaongeza chumvi.

Baba alikuwa mfugaji nyuki hapa Kibondo. Kikundi chao kizima kilirina asali, lakini lebo za chupa aliandika yeye kwa mkono: msitu gani, mwezi gani, nani karina. Alitumia fountain pen nyeusi, zile za kunyonya wino kwenye kichupa. Wateja waliijua asali yetu kwa mwandiko wake.

Siku ya msiba tukamvalisha koti la kanisani. Kumbe kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani! Tulishtuka baadaye, tukiitafuta.

Mama akasema, "Mwacheni nayo. Huko nako atakaa bure?"

Tukacheka huku tunalia.

Sasa wakuu, ukoo wetu asili yake ni Burundi. Kwetu msiba hauishii kaburini. Kuna siku ya kuganduka, ndipo tunavua maombolezo. Na kwa ukoo wetu, anayerithi kazi ya marehemu anaifanya siku hiyo mbele ya watu. Kama ni jembe, unalima tuta moja wakuone.

Mimi nilitaka lebo.

Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi, akakataa. "Wewe uliishia la saba. Lebo tutachapisha kwa mashine Kigoma mjini, yaishe."

La saba ni kweli. Ila mwandiko alinifundisha baba mwenyewe.

Mama akaniambia, "Siku ya kuganduka uandike. Wakikataa, wakatae wameona."

Basi nikapanda gari mpaka Kasulu.

Kuna duka la vifaa vya shule karibu na soko, mwenyewe ni Bwana Seif, mtu wa Tanga. Akaniwekea kalamu mezani. Nyeusi kwanza: "Hii wanasainia mabosi." Nikaisogeza pembeni. Nyeusi nilikuwa nimeivaa mwaka mzima, sikutaka kuanza nayo kazi. Kukawa na ya dhahabu, inang'aa kama bibi harusi. Hiyo nayo hapana, mimi nimefiwa.

Halafu akatoa za kahawia, mbili. Wakuu, moyo ulinidunda! Rangi ya gome la mzinga kabisa.

Moja ilikuwa ya chuma, nzito, nib yake, yaani ncha ya kuandikia, nene. Nyingine nyepesi, nib nyembamba. Nikatoa lebo zetu kwenye mkoba, nikatoa na kichupa cha asali, nikajipaka vidoleni.

Bwana Seif akanitazama. "Dada, umekuja kununua kalamu au kunywa chai?"

"Kazini mkono wangu una asali. Nataka niione kalamu ikiwa kazini."

Ile nene iliandika kwa raha, inateleza, lakini wino ukasambaa kwenye karatasi yetu, herufi zikawa kama sisimizi waliokanyagwa. Tena kwa asali ikaniponyoka. Nyembamba ilikwaruza kidogo, ila herufi zikasimama safi. Nikaichukua hiyo.

Upande wa wino, nikaomba wino wa muhuri, maana nilijua hautoki hata ukilowana. Bwana Seif akanidaka mkono.

"Hapana dada! Huo ukikaukia ndani, kalamu umeizika!"

Akaona nguo zangu nyeusi, akanywea. "Nisamehe sana."

"Usijali," nikamwambia. "Ya kwanza tuliizika kweli."

Nikamsimulia habari ya koti. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitafutia wino wa fountain pen, ule ambao ukishakauka hauchuruziki kwa maji.

Njia nzima nilikuwa naandika nyuma ya tiketi. Jirani yangu kwenye siti akauliza kama nina mtihani.

Niliyojifunza: usichague kalamu kwa karatasi ya dukani, nenda na ya kwako. Karatasi nyepesi inataka nib nyembamba. Uzuri wa kuishika si uzuri wa kuiandikia kila siku. Na wino wa muhuri ubaki kwenye muhuri. Wenye uzoefu nisaidieni: kiangazi, vumbi la huku likianza, mnaitunzaje isikauke? Karibuni mchangie, hata wa kunicheka.

Sasa niwaambie ilivyokuwa Jumamosi iliyopita, siku ya kuganduka.

Baada ya sala wakaniwekea meza uwanjani, na chupa moja ya asali. Nikafungua kalamu, nikaandika. Nikabandika.

Baba mdogo akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: msitu, mwezi, halafu jina la aliyerina. Lilikuwa jina lake.

Akasoma tena, kimoyomoyo.

"Hiyo kalamu ina wino wa kutosha?"

"Ego, baba," nikamjibu ndiyo kwa Kirundi chetu.

Akaenda kwenye pikipiki yake, akafungua kamba, akarudi na kreti ya chupa ambazo hazina lebo. Akaiweka miguuni pangu, akanivutia kigoda.