Maneno Mawilimawili ya Matrida

Mwalimu Wanzagi, jirani yangu, alifundisha Kiswahili katika shule ya Kiabakari kwa miaka thelathini, na wanafunzi walimwita Mwalimu Mbilimbili. Akianza somo la kurudufu maneno, hakamatiki.

"Viambishi vya kuchomeka katikati ya mzizi tuwaachie wenye navyo," alikuwa akisema. "Sisi tunarudia neno. Ukilima, umelima. Ukilimalima, umebabaisha!"

Alipostaafu, alihamia huku Makoko, kando ya ziwa, na mkewe Matrida, muuza dagaa mwenye maneno kuliko soko zima. Mwaka jana kiharusi kilimlegeza Matrida mkono wa kulia, kikamnyamazisha kabisa. Miezi ikapita, kisha binti yao Ghati akapiga simu kutoka Mwanza.

"Baba, mama hawezi hata kuita. Ukitokaga anabaki na nani? Jumamosi nakuja kumchukua."

Mwalimu aliweka simu chini. Akatundika ubao sebuleni, akachora kikombe, kuku, mlango. "Sema kikombe." Matrida alimtazama tu, machozi yakamtoka. Siku tatu! Nilitamani niingie niung'oe ule ubao. Mke unamfundisha kama darasa la kwanza?

Alhamisi alimtoa nje apate jua, akamkalisha mbele ya dagaa walioanikwa. Mkono wa kushoto ukaanza kazi wenyewe.

"Geuza," Matrida akasema. "Geuzageuza."

Mwalimu alikaa chini mchangani, suruali ya kanisani ikajaa magamba. Ubao ukarudi stoo. Ijumaa nzima walianika na kuchambua pamoja, na maneno yakaja na kazi yake, mengi mawilimawili: chambuachambua, kidogokidogo, polepole. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini.

"Sijui," alisema. "Labda la kwanza linamshika mwenzake mkono."

Jumamosi Ghati alifika na begi tupu la nguo za mama yake. Alipiga magoti.

"Shikamoo mama. Twende Mwanza, nitakutunza."

Mwalimu alisimama mlangoni. Mtu aliyezoea kudokezea majibu darasa zima, siku hiyo alimwachia Matrida ajibu mwenyewe. Nilimhurumia mno.

Matrida alimshika bintiye shavu. Alitafuta neno muda mrefu mpaka jasho likamtoka.

"Hapa," alisema. "Hapahapa. Na Baba Ghati."

Miezi saba Mwalimu hakuwa ameitwa hivyo. Aligeukia ukutani akalia kwa sauti, na Ghati akalia naye.

Jumapili begi lilirudi Mwanza limejaa dagaa.