Ua Alilotuletea Dada

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Tunduru na ua. Safari nzima alikuwa amelipakata kwenye basi, limepandwa ndani ya ndoo ya rangi, na alipofika kwangu Lizaboni aliitikia shikamoo yangu huku anapita, akaenda kuliweka pembeni ya televisheni. Lilikuwa na majani mapana ya kijani yenye madoa meupe. Alisema sebule yangu ilikuwa kavu kama ofisi ya kata.

Tulikuwa na paka, tuliyemchukua kwa sababu ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya mahindi stoo. Siku ya tatu ya ugeni wa dada nilirudi kutoka kazini nikamkuta paka yule chini ya meza, udenda unamtoka, anajifutafuta mdomo kwa mguu wa mbele. Dada alikuwa amepanda juu ya kochi. Jirani wa upande wa kulia, aliyekuja kuangalia kelele ni za nini, alikuwa ameshaamua kuwa ni kichaa cha mbwa, na kwamba paka auawe kabla hajauma mtoto wa mtu.

Mume wangu alipofika akasema si kichaa, ni sumu. Akatoka moja kwa moja kwenda kwa mzee wa nyumba ya nyuma, ambaye wiki iliyotangulia alilalamika kwamba paka wetu anamlia vifaranga, akamsema mbele ya wajukuu zake. Nilimfuata nikamvuta mkono, hakunisikia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, na hata hajamchungulia huyo paka.

Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, gambuti zake zina matope ya bandani, akaomba kadi ya chanjo. Nilikuwa nayo. Kisha akauliza kama tuna maua ndani ya nyumba. Nilimwonyesha lile la dada, naye akainua jani la chini, lililokuwa limetafunwa ukingoni.

Alitueleza kwamba utomvu wa ua hilo unachoma mdomo kama vijisindano, na kwamba paka atapona. Akamsafisha mdomo kwa maji, akasema tumpe chakula laini. Alituonya pia kuhusu mayungiyungi, yale meupe ya kupamba altareni, kwamba hayo yanaua figo za paka kabisa, hata vumbi lake tu akililamba.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini dada namjua tangu utoto. Daktari alipokuwa anavaa kofia yake ya pikipiki, dada akasimama.

"Ua hili nimelilea mimi mwenyewe," alisema. "Mnataka kusema nimewaletea sumu?"

Akachuma kipande cha jani, akakitia mdomoni, akatafuna huku ananitazama machoni.

Nilimwambia ateme. Alitema, lakini baada ya kutafuna mara tatu nne, maana kutema haraka kungekuwa kushindwa. Kufumba na kufumbua ulimi ukaanza kuvimba, machozi yakamtoka, na sauti ikakatika. Nilimpeleka hospitali kwa bajaji. Nesi aliuliza amekula nini, nikajibu jani la ua; akauliza kwa nini, nikamwambia amuulize mwenyewe. Walimchoma sindano, wakamlaza mpaka asubuhi.

Siku mbili hakuweza kuongea. Alikuwa anaandika kwenye daftari la mwanangu. Nilitegemea pole, au hata neno moja kuhusu paka. Aliandika: "Uji umezidi sukari."

Mume wangu nilimsindikiza mwenyewe kwa yule mzee kuomba radhi. Mzee alipokea, akasema yameisha, ila mpaka leo akipita getini kwetu anaangalia upande wa pili.

Ua nililing'oa nikiwa nimevaa mifuko ya plastiki mikononi, nikalifukia kwenye shimo la taka. Paka alikuwa ameanza kula siku iliyofuata, kabla ya dada. Dada alipopata sauti alipanda basi la Tunduru, na sasa anawasimulia ndugu wote kwamba nilitupa zawadi yake kwa ajili ya paka. Wananipigia simu mmoja mmoja kuniuliza kulikoni. Nimechoka kueleza.