Siku Niliyoolewa kwa Kusimama Nje

Mwanangu alikuwa na miezi mitano, na wazee wawili walikuwa wamegoma nisiolewe na baba yake. Kisa, maharage. Ng'ombe wa kwao mwenzangu waliingia shamba letu la Tumati wakayamaliza. Baba yangu akaapa binti yake hataolewa na wafugaji. Baba wa mwenzangu naye akaapa hakuna ng'ombe wake atakayekwenda kwetu Mbulu kwa mahari. Mimi na mwenzangu tulisoma sekondari moja, na huko tulisomeshwa habari za wapenzi waliokufa kwa ugomvi wa familia zao. Mimi nililia. Yeye aliuliza, "Si wangechinja ng'ombe yakaisha?"

Basi asubuhi moja nikachoka. Nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka kwetu Endagikot. Lori, bodaboda, miguu. Simu ya mwenzangu haipatikani, potelea mbali, niliyekuwa namtaka ni baba yake. Nilimpangia maneno njia nzima.

Nikafika kwao Hirbadaw jua kali. Mama mkwe akatoka kwenye uzio wa miiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Siingii! Mwite baba atoke."

Akanitazama, akarudi ndani mbio. Akaja na wanawake watatu. "Ingia mwanangu, kuna mbuzi wako."

Mbuzi wa nini? "Siingii!"

"Na kondoo."

"Sitaki kondoo! Namtaka mzee!"

Vigelegele! Majirani wakaanza kujaa. Mimi nawaka, wao wanacheka, mtoto naye anarusha miguu mgongoni kama yuko ngomani. Ndipo wifi yangu akaninong'oneza: "Wewe, unajua unachofanya? Kwetu bibi harusi ndiye anayekataa kuingia mpaka aahidiwe mnyama. Kaza hapo hapo, ng'ombe anakuja."

Kumbe naolewa! Nikakaza.

Baba mkwe akatoka na fimbo yake. Akaangalia majirani, akamwangalia mtoto, ambaye amechukua masikio ya babu yake yote mawili, makubwa vile vile. Akakohoa.

"Nilisema ng'ombe wangu haendi Mbulu. Huyu ninayekupa haendi. Anabaki hapa hapa. Ingia."

Nikaingia. Sikutoa hata neno moja kati ya yale niliyopanga.

Sijakunywa hata maziwa niliyopewa, simu ikalia. Mwenzangu! Yuko Endagikot. Mjinga yule naye alitoka asubuhi hiyo hiyo kwenda kumkabili baba yangu, na baba yangu kampa jembe, analima tangu saa nne. Tulipishana njiani kama vichaa. Kabla sijamtukana vizuri, baba yangu akamnyang'anya simu.

"Mwambie mzee huyo anirudishie binti yangu, nimrudishie kijana wake!"

Baba mkwe akaipokea, spika ikiwa wazi. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, wakasemeshana. Walianza na maharage, bila shaka. Gunia ngapi, nani hakujenga uzio, nani alilala machungani. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

"Binti harudi," baba mkwe akamaliza. "Ameshaingia. Ana ng'ombe."

Baba yangu akasahau maharage.

"Ng'ombe gani?"

"Mwekundu. Ana mimba."

"Ya miezi mingapi?"

Wifi akanifinya. Nikacheka mpaka maziwa yakamwagika, huku nimewakasirikia wote wawili hadi leo.