Adela na Mizani Yake

Adela hakuwa na mzaha na gunia lililovimba. Wanunuzi wa mahindi walikuwa wakifika Sumbawanga na malori yao, wakitaka kila gunia lishindiliwe mpaka lipande kilemba juu ya mdomo, ile lumbesa ambayo mkulima hulipwa kama gunia la kawaida. Adela aliwaonyesha mizani ya chuma iliyosimama mlangoni mwa kibanda chake cha mahindi pale sokoni. "Weka hapo," aliwaambia. "Mdomo hauna kilo." Wakulima kutoka Kaoze, kijiji alikozaliwa, waliwapita hata ndugu zao ili wauze kwake. Mimi nauza mchele kibanda cha jirani, na sijaona mtu mkweli wa vipimo kama yule.

Sasa, Adela mwenyewe alikuwa mnene. Sisemi wa kujaa vizuri, nasema wa kukaa kwenye benchi wengine wakasimama. Makuli wa sokoni wakampa jina, Lumbesa. Walimwita hivyo usoni pake, naye akacheka kutushinda sisi sote na kuwarushia magunzi. Tulidhani anafurahi. Lakini mwanamke aliyepima kila kitu hakuwahi kuikanyaga mizani yake mwenyewe. Zenon, kuli mmoja mwenye utani mwingi, alipomwambia, "Mama, panda basi na wewe tuone," Adela alinuna mpaka tukafunga vibanda.

Mvua zilizopita mguu wake wa kushoto ulivimba ukawa wa moto. Aliukanda, aliupaka, mwisho mumewe Kasimiri akampeleka hospitali. Daktari akawaambia damu imeganda ndani ya mshipa wa paja. Atachomwa sindano za kuizuia isizidi kuganda, na dawa hiyo hukadiriwa kwa kilo za mgonjwa. Ikipungua, donge linaweza kukatika, likapanda mapafuni na kumuua. Alieleza vizuri, na Adela alisikia.

Nesi alikuwa binti mpole, Jenifer. Mizani ya wodini ilikuwa kijisahani chembamba kinachoishia kilo mia na ishirini, na Jenifer aliona haitafaa. Akasema kwa adabu zote, "Mama, kule stoo ya jikoni kuna mizani ya magunia. Nikupeleke kwa kiti cha magurudumu, mara moja tu."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mimi si gunia," Adela alisema. "Andika mia na kumi."

"Una hakika, mama?"

"Binti, mimi ndiye ninayewapimia baba zenu mahindi. Nitashindwa kujua kilo zangu?"

Jenifer akaandika. Nani mjini hapa aliwahi kumkamata Adela na kilo ya uongo? Kasimiri alikuwa amesimama pale pale, na anajua kitanda chao kimebadilishwa miguu mara ngapi. Aliniambia baadaye, "Aliniangalia kwa yale macho yake. Ningesema nini mbele za watu?" Kwa hiyo Adela akachomwa sindano za kumtosha mwanamke mwingine, mdogo kuliko yeye.

Asubuhi niliyompelekea uji wa ulezi nilimkuta anahema kama aliyepanda mlima, midomo imekuwa myeusi. Daktari alikuja mbio. Alimtazama Adela, akatazama faili, akamgeukia Jenifer. "Nani alimpima huyu mama?"

"Alitaja mwenyewe, daktari."

"Na wewe huna macho?"

"Usimgombeze mtoto," Adela alisema, akitafuta pumzi baina ya maneno. "Nilidanganya. Kasimiri, leta mizani yangu. Ya jikoni kwao siijui. Nipimeni."

Daktari hakungoja, alikisia kwa macho akaongeza dawa. Kasimiri akapiga simu sokoni. Zenon aliileta ile mizani kwa guta la magurudumu matatu, kisha akaibeba begani mpaka wodini, jasho linamtiririka na baridi yote ile, akaiweka kando ya kitanda. Safari hii hakuna aliyecheka. Tulimwinua Adela tukiwa wanne. Mguu mmoja ulifika kwenye sahani, mshale ukaruka, ukarudi. Wa pili alishindwa kuuinua. Alimwegemea Kasimiri, akasema, "Ngojeni nipumzike," nasi tukamlaza. Hakuamka tena.

Msibani watu walijua kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema, wakinawa mikono kwenda kula. Nilikasirika. Adela hakuficha maradhi, alikwenda nayo hospitali. Alificha kilo, na aliyemfundisha kuzificha ni sisi, kwa vicheko vyetu vya kila siku. Hospitali nayo inapima vichanga kwa mizani nzuri ya kioo, mtu mkubwa inamtuma stoo ya maharage.

Zenon alimbeba kaburini, bega la mbele. Mizani aliirudisha yeye mwenyewe, akaifuta vumbi, akaiweka mlangoni ilipokuwa. Tangu siku ile hamwiti mtu jina la utani.

Kabla ya arobaini lori la wanunuzi lilifika. Waliona kibanda kimefungwa, wakashusha magunia matupu, wakaanza kushindilia. Mzee mmoja wa Kaoze aliitazama ile mizani, akatutazama sisi. Gunia lake likapanda kilemba, likashonwa, likapakiwa. Sisi tukainamia biashara zetu, mimi nikiwemo.